Saadi Kinyozi na Kesi Iliyodhaniwa Imeoza

Kibiti ina vinyozi karibu sawa na vichwa, na wote wanaongea. Ukikaa kwenye kiti utapewa habari za mpira, za bei ya ufuta na za mke wa jirani, na ukitoka hapo umenyolewa na umechoka. Saadi peke yake haongei. Saluni yake iko nyuma ya stendi. Ina kiti kimoja, benchi moja na redio, na redio ndiyo inayozungumza na wateja. Yeye anauliza unataka kipara au kupunguza. Ukishajibu, maongezi yamekwisha mpaka wakati wa poda.

Watu wanampenda kwa hilo. Kinyozi asiyeongea ni kama kupata chumba cha peke yako gesti kwa nusu saa.

Ni mtu wa Dimani, wa vijiji vya ndani, umri miaka thelathini na mitano hivi, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata siku ya mvua. Kabla ya unyozi aliokota korosho za watu, akauza barafu Ikwiriri, akanunua mashine ya kunyolea iliyokwishatumika na kuhamia mjini. Ana mke, Mwamvua, ambaye huongea kwa niaba ya wote wawili. Ana mtoto wa kiume, Nassibu, wa miaka tisa. Saadi mwenyewe amesema niandike jina lake kama lilivyo. Nilimuuliza mara mbili, akaniambia nisimchoshe.

Maisha hayo yangeenea nyuma ya kalenda, isipokuwa kulikuwa na mteja wa Alhamisi.

Mteja wa Alhamisi ni Gharibu. Huja kuchongwa ndevu ili Ijumaa imkute msafi. Ni mtu mzima mwenye kitambi cha heshima na sauti ya harusini, na kijijini kwao Dimani ndiye mlezi wa kumbi, yaani kambi ya jando. Shule zikifungwa, watoto wa kiume wanaingia jando. Siku hizi anayekata ni tabibu wa zahanati, ngariba amebakiwa na nyimbo, mafunzo na heshima. Mlezi ndiye anayekaa na wari, watoto wenyewe, kumbini mpaka wapone, anawapikia uji na kuwauguza vidonda. Ni kazi ya mtu anayependa watoto, na kijiji kizima kilikuwa kimekubaliana kwamba Gharibu anapenda watoto.

Saadi aliingia kumbi akiwa na miaka kumi, Gharibu akiwa mlezi kijana. Alichofanyiwa na Gharibu mle kina jina katika sheria, na redio hulitaja jina hilo kila wiki, kati ya tangazo la sabuni na tangazo la mikopo. Mimi naliacha hukohuko redioni. Kilitokea zaidi ya mara moja, na aliyekifanya alimwambia mtoto kwamba na hilo ni katika jando. Sheria inanitaka niseme Gharibu "anadaiwa" kufanya hivyo. Basi nimesema.

Siku ya kutoka, ngariba Mzee Mudathiri aliwapanga wari mstari akawaapisha: yaliyofanyika kumbini asiambiwe mtu. Mtoto wa miaka kumi haapi kwa vifungu. Saadi alitia kila kitu ndani ya kiapo kimoja: nyimbo, vitendawili, jinsi ya kumsalimia mama mkwe, na lile. Akafunga, akaenda kuokota korosho.

Mwaka huu, Alhamisi moja shule zikiwa zimekaribia kufungwa, Gharibu alikuwa kitini, povu kidevuni.

"Polepole hapo, mwanangu."

"Tulia basi," Saadi alisema.

"Nina habari. Mzee Mudathiri mguu umemshinda. Kumbi lote mwaka huu kaniachia mimi. Shule zikifungwa tu, tunaingia." Akamtazama Saadi kwenye kioo. "Na wako yule, Nassibu, keshafika. Nimuweke?"

"Tutaona."

"Tutaona nini? Unangoja aote ndevu? Lete mtoto, bwana! Si ni mimi niliyekulea wewe? Kuna kilichopungua?"

Vijana wa kwenye benchi wakacheka, maana Gharibu akisema jambo watu hucheka. Saadi akafuta wembe kwenye kitambaa, akamalizia shingo, akapaka poda, akakung'uta shuka. Hakumkwaruza hata kidogo. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye lilijadiliwa sana.

Gharibu alipoondoka, Saadi akavuka barabara kwa Ridhiwani. Ridhiwani ana meza, kompyuta na tai, na anachapia watu barua za mahakamani. Cheti hana, lakini tai anayo, na pale stendi tai inatosha.

"Ridhiwani, mtu akitendewa jambo utotoni, akakaa kimya, anaweza kuja kushtaki ukubwani?"

"Jambo gani? Ardhi?"

"Si ardhi."

"Ardhi miaka kumi na miwili. Mkataba sita. Kudhuriwa mwili na mambo ya jamii hiyo, mitatu. Lako lina muda gani?"

"Silo langu. Lina miaka ishirini na kitu."

"Duh! Hiyo imeoza, kaka. Hiyo hata paka hali."

Ridhiwani anaijua sheria kama muuza kamba wa Nyamisati anavyoijua barafu: cha muhimu ni lini mzigo unaharibika. Saadi akamshukuru, akarudi saluni, akanyoa vichwa vilivyobaki. Nyumbani chakula kikamshinda. Mwamvua akaamua ni malaria, akanunua dawa, na Saadi, ambaye hakuwa tayari kueleza ni nini kama si malaria, akameza dozi nzima.

Dozi ilipoisha alikuwa amefikia wazo moja. Kesi yake imeoza, sawa. Lakini watoto wa mwaka huu hawajaingia bado. Akafunga saluni siku ya kazi, jambo ambalo hata kwenye msiba wa baba yake hakulifanya mpaka mchana, akaenda polisi.

Dawati la jinsia na watoto lina chumba chake pembeni, chenye meza, viti viwili na mwanasesere juu ya kabati kwa ajili ya wageni wadogo. Mwenye dawati ni Afande Shamsia, mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Karibu, bwana. Umekuja kwa habari ya mtoto?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Ni mimi."

Afande Shamsia akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Ila kesi yenyewe imeoza," Saadi akawahi kusema. "Sikuja kushtaki. Nataka kujua kama mtu anaweza kuzuiwa asishike watoto, hata kama kesi yake imeoza."

"Nani kakwambia imeoza?"

"Wakili."

"Wakili gani?"

"Anayechapa barua karibu na stendi."

"Mwenye tai?"

"Huyo."

Afande akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Wanaomjua wanasema hiyo ndiyo namna yake ya kutukana.

"Sikiliza. Ukomo wa muda upo, hilo hakukudanganya. Ni wa mtu anayekwenda mahakamani kudai fidia. Miaka mitatu, na kwa aliyekuwa mtoto inaanza kuhesabiwa akitimiza kumi na minane. Kwa hiyo ya fidia ilikwisha ukiwa na ishirini na mmoja. Ulikuwa wapi wakati huo?"

"Ikwiriri. Nauza barafu."

"Basi ilikufa ukiwa Ikwiriri, na hakuna aliyekuletea taarifa ya msiba. Lakini jinai ni jambo jingine. Kosa la namna hiyo kwa mtoto halina ukomo. Hata ungekuja na mkongojo ningeandika. Kinachoharibika ni ushahidi. Daktari hana cha kuona tena, watu wanasahau, wengine wamekufa, na hakimu atauliza ulikuwa wapi siku zote hizo. Ni ngumu, sikufichi. Lakini haijaoza." Akachukua kalamu. "Haya, sema."

Saadi akatazama mwanasesere.

"Siwezi kukwambia wewe."

"Kwa nini?"

"Wewe mwanamke. Ni ya kumbini. Tuliapa."

"Sawa." Akaita askari wa kiume, kijana mrefu kutoka Kagera, akampisha kiti.

Saadi akamkagua. "Afande, umepita jando?"

"Nimetahiriwa hospitali."

"Hospitali si jando."

"Kwani tofauti ni nini? Kilichoondoka si kilekile?"

"Hukuapa," Saadi alisema kwa upole. "Huwezi kusikia."

Kijana akatoka amenuna, kama aliyeambiwa arudi akamalizie. Mtu wa mbali atacheka hapa, na acheke. Lakini kwetu kuna wazee waliozikwa hawajawahi kumwambia mke waliyeishi naye miaka hamsini maneno ya wimbo mmoja wa kumbini, tena wimbo wenyewe unahusu kobe.

Afande Shamsia akarudi kwenye kiti chake.

"Nyimbo zenu sizitaki," alisema. "Vitendawili kaeni navyo. Nataka alichokufanyia yule mtu tu. Hicho kilikuwa katika mafunzo?"



"Sijui."

"Hujui?"

"Nilikuwa na miaka kumi, afande. Kila kilichotokea mle nilijua ndilo jando lenyewe. Nilipokuwa mkubwa nikaona lile si jambo jema. Lakini nilikuwa nimeshaliapia."

Afande akaweka kalamu chini. "Nani anajua kilichomo na kisichomo?"

"Ngariba."

"Kamuulize. Mimi nipo mpaka saa kumi."

Saadi akapanda bodaboda mpaka Dimani. Tangu mafuriko makubwa Mzee Mudathiri amehamia kwenye mwinuko, nyumba ya miti na bati jipya, na siku ile alikuwa barazani, mguu mmoja kwenye beseni la maji ya chumvi, redio begani kama kasuku. Mkewe alikuwa anachagua mchele. Mzee ana fahari moja maishani, na humpa kila mgeni kabla ya maji ya kunywa: katika makumbi yake hajafa mwari hata mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Saadi. Mwari wako."

"Wari wangu wengi kama mpunga, siwajui wote. Hukufa, lakini?"

"Sikufa."

"Unaona!"

"Mzee, nina swali la kiapo."

Mzee akapunguza redio na kumtazama mkewe. Bibi akabeba ungo wake, akahamia nyuma ya kona ya nyumba, mahali panaposikika vizuri zaidi.

Saadi akauliza. Neno lile la redioni alilitamka lote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mlezi akimfanyia mwari jambo hilo, limo katika tuliyoapa, au halimo?

"Maneno gani haya, mtoto wewe?"

"Limo, halimo?"

"Hayo ya zamani, mwanangu. Yameshapita. Mtu mzima unakaa unafukua—"

"Sikuulizi kama yamepita, mzee. Nauliza kama limo."

Pale ndipo Mzee Mudathiri alipoinuka na mguu wake na maji yakamwagika. "Limo wapi? Kumbi langu mimi? Mimi kisu nimerithi kwa babu yangu! Uchafu huo uwe katika mafunzo yangu, katika kiapo changu? Halimo! Halimo na halijawahi kuwamo! Nani mshenzi kasema limo?"

"Gharibu."

Redio ikaendelea na tangazo la mbolea.

"Gharibu kakwambia?"

"Alikuwa ananiambia akifanya."

Mzee akakaa. Akautafutia mguu wake beseni, akakuta maji hamna.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniapisha nisimwambie mtu."

"Wanawake! Na wasiopita jando! Mimi ndiye niliyewaapisha, utaachaje kuniambia mimi?"

"Ulisema mtu, mzee."

Kisha mzee akaanza kusema ambayo kila mtu angeyatarajia: kwamba Gharibu aitwe, wazee wakae, aombe radhi, limalizwe hapahapa, polisi ni ya kazi gani, majina yatachafuka. Saadi akamwacha amalize. Amezoea watu waongee.

"Na kumbi la mwaka huu ni la nani?" akauliza.

Mzee akafungua redio, akaifunga.

"La nani, Mudathiri?" ikauliza kona ya nyumba.

Saadi alirudi Kibiti kabla ya saa kumi. Hakubisha hodi vizuri. Akasimama mlangoni na vumbi lake.

"Halimo," alisema.

"Basi kaa," akajibu Afande Shamsia.

Alisema mpaka kalamu ya kwanza ikaisha wino. Yule kijana wa Kagera ndiye aliyeleta ya pili, akaiweka mezani na kutoka bila neno, na Saadi anasema tangu hapo hana kinyongo naye.

Kesho yake akamwambia Mwamvua. Mke akakaa amemshika mkono mpaka chai ikapoa, ndipo akasema, "Na ile malaria?"

"Haikuwa malaria."

"Na dozi nzima umekunywa!" Akalia, akisema analilia dawa.

Gharibu aliitwa, akahojiwa, akatoka kwa dhamana, kwa sharti la kutolikaribia kumbi wala wari. Mzee Mudathiri naye akaitwa. Alifika kwa lifti ya gari la shamba la sukari, akalalamika korido nzima kwamba yeye ni ngariba, si shahidi. Afande Shamsia akamwambia sasa amekuwa vyote viwili, avue kofia aketi. Akaeleza kiapo kina nini na hakina nini, kwa hasira, kifungu kwa kifungu, na kila kifungu kikaandikwa. Alipofika kwenye wimbo wa kobe akagoma. Afande akamruhusu.

Mjini likazuka lile la wembe.

"Miaka yote hiyo wembe mkononi na koo liko pale!" akasema kijana mmoja wa benchi. "Ningekuwa mimi, kaka!"

"Ningemkata," Saadi alisema, "kesi yangu isingeongelewa ukomo. Ningekuwa ndani kabla povu halijakauka."

Na kuna waliouliza lile jingine, kwa sauti ya kusikika. "Alikuwa wapi siku zote hizo?" Muulizaji mmoja alikuwa mteja wake wa miaka sita. Jibu alilopewa na mwenzake ni kwamba alikuwa nyuma ya stendi, anakunyoa wewe. Wateja wengine walihama, wasije wakaonekana wako upande wowote. Wengine walihamia, wakitaka kusikia, wakakuta redio. Ridhiwani alikuja mwenyewe, bila tai, akasema katika mahesabu yake alisahau jinai. Saadi akamwambia akae amnyoe.

Dimani wazazi walikutana kabla ya shule kufungwa. Wengine waliwatoa watoto wao na kuwapeleka hospitali. Mzee Mudathiri akasema kumbi litakuwapo, atakaa mwenyewe na mguu wake, na baba mmoja atalala pamoja na wari kwa zamu. Kisha likaja la kiapo. Wazee walibishana kama wabunge. Walikubaliana kiongezwe kipande: mtu akikugusa vibaya, hiyo si siri, sema. Sema kwa nani, hapo wakakwama. Mmoja akataka iwe kwa wanaume tu. Mwingine akauliza kama mama ni mwanamke. Mzee wa tatu akasema mambo haya yatawafundisha watoto vitu wasivyovijua. Mke wa Mudathiri, ambaye hakuwa mjumbe, alimjibu kutoka nje ya dirisha kwamba Gharibu alishawafundisha bure. Kipande kikapita hivi: sema kwa yeyote.

Nassibu alipelekwa hospitali na mama yake. Saadi hakupinga. Nyimbo atamfundisha yeye mwenyewe, anasema, siku akiweza kuziimba.

Kilichobaki ni kesi, na kesi haikuwa nzuri. Afande Shamsia hakumpambia maneno. Sauti moja, baada ya miaka yote hiyo, na ngariba anayeweza kusema tu kilichoruhusiwa na si kilichofanyika. Gharibu amekana kila kitu na ana watu wa kumsifu wa kujaza lori. Mwendesha mashtaka anaweza kusema haitoshi. Wengine lazima wapo, afande alisema, mtu wa namna ile haishii kwa mmoja, lakini siwezi kuzunguka kijiji na kengele.

Jumamosi iliyopita saluni ilikuwa imejaa. Akaingia mtu mmoja mkubwa wa mwili, viatu vina tope la njia ya Ngarambe, na kwa kuwa watu walimwogopa umbo, walimpisha kiti. Akakaa. Kichwa chake kilikuwa kipara kitupu, kimenyolewa asubuhi ileile, bado kina poda ya kinyozi mwingine. Vijana wa benchi wakatazamana.

Saadi akamfunga shuka shingoni. Akawasha mashine, akaanza kuipitisha juu ya kichwa kisicho na kitu, nyuma kwenda mbele, kwa utaratibu. Ile mashine ni ya zamani na inavuma sana. Mwenye kukaa kwenye benchi hasikii linalosemwa kitini.

"Mimi ni wa kumbi lililofuata lenu," mtu yule aliliambia kioo.

Saadi akamkunja sikio moja, akapitisha mashine nyuma yake.

"Huyo afande mwanamke. Anaandika yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Sijui nitaanzaje."

"Na mimi sikujua. Anangoja."

"Nimechelewa mno, kaka."

"Jumatatu asubuhi," Saadi alisema. "Njoo hapa, twende wote. Sifungui saluni."

Mtu yule akatikisa kichwa kukubali, na Saadi akamwambia atulie. Alimpaka poda juu ya poda, akazima mashine, akakung'uta shuka mbele ya benchi zima. Haukuanguka unywele hata mmoja.